Boti ya faiba inaacha bluu kwenye nguo za abiria. Nipige polishi, nimwage jelikoti mpya au nipake rangi?

Mwana wa Kibirizi #1
Wakuu salaam.

Nina boti ya faiba, mita 7, mashine Yamaha 40, inabeba abiria na mizigo Ziwa Tanganyika, kutoka Kibirizi hapa Kigoma kwenda vijiji vya juu huko, Mwamgongo hadi Kagunga. Niliinunua mkononi kwa mtu miaka miwili iliyopita, bluu ya kung'aa, ukiinama ubavuni unajiona meno. Sasa hivi hata ukiimwagia maji haing'ai. Imefanana na jinzi ya mtumba. Na kama ingekuwa kupauka tu ningevumilia, lakini ukipitisha kiganja kinarudi na unga wa bluu.

Jumamosi mzee mmoja wa Ujiji, kanzu nyeupe pee, alishukia ubavu wa kushoto akajiegemeza. Aliposimama mchangani kanzu ilikuwa na mstari wa bluu kuanzia kwapani hadi gotini. Hakusema kitu. Alinitazama tu, akaondoka. Bora angenitukana.

Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza anasema kampaundi (ile dawa ya kung'arishia) na nta, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili anasema jelikoti imekufa, imwagwe mpya. Wa tatu anasema nipake rangi ya magari nisahau. Kila mmoja anamcheka mwenzake. Bei ya yule wa pili inakaribia bei ya mashine.

Nimfuate nani? Na kwa nini yangu imechakaa hivi wakati za jirani zangu zina afadhali?

Karabai Bovu #2
Jua hilo. Uzi ufungwe.

Fundi Msasa #3
Usifungwe.

Mkuu pole. Boti ya faiba inapotoka kwenye moldi, ile ngozi ya nje si rangi ya kupaka. Ni jelikoti, rezini iliyochanganywa na rangi, unene wa nusu milimita hivi, ikiwa nene sana 0.8. Hiyo ndiyo inayokinga nyuzi za faiba. Jua likiipiga muda mrefu, rezini ya juujuu inakatikakatika, chembe za rangi zinabaki hazina wa kuzishika. Ndio huo unga kwenye kanzu ya watu. Bluu na nyekundu zinajionyesha mapema. Nyeupe nayo hutoa unga, ila kwenye kanzu nani ataujua?

Tiba ni kuondoa hiyo iliyokufa. Osha, msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 1500, kampaundi kwa mashine ya kuzungusha, mwisho nta. Chini kuna ngozi nzima. Lakini ujue kila ukisugua unaila ile nusu milimita, kwa hiyo huwezi kurudia kila mwaka hadi wajukuu.

Mama Migebuka #4
Mimi nina mbili, nyeupe, mwaka wa tano huu, bado hazijanitia aibu. Mwanangu kabla hujaenda kwa mafundi sema ukweli: vijana wako wanaosha boti na nini?

Mwana wa Kibirizi #5
Mama shikamoo. Sabuni ya unga, na mchanga kidogo pale penye mafuta ya mashine. Mchanga laini lakini.

Mama Migebuka #6
Marahaba. Mchanga! Unaisugua boti kama sufuria la ugali halafu mnakuja hapa kulisingizia jua. Sabuni ya kipande, sponji, maji mengi. Mafuta ya mashine yafute kwa kitambaa chenye petroli kidogo halafu suuza palepale.

Karabai Bovu #7
Mama kwa heshima zote, jua ni jua. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, nilivuta boti zangu mbili juu. Moja nikaiweka chini ya mwembe, nyingine ikakosa nafasi ikabaki wazi. Miezi mitatu hakuna aliyezigusa, si sabuni si mchanga. Nilipozirudisha majini, ya kwenye mwembe ilikuwa vilevile isipokuwa mavi ya ndege. Ya wazi ilikuwa chaki. Sisi tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko mita 770 na ushee juu ya usawa wa bahari. Jua letu haliombi ruhusa.

Mama Migebuka #8
Na ile ya wazi ilikuwa inasuguliwa na nini kabla ya Mei?

Karabai Bovu #9
Nitajibu baadaye, kuna mteja.

Profesa wa Mwalo #10
Mmesahau maji. Maji ya Tanganyika yana magadi kwa asili yake, pH inacheza kati ya 8.6 na 9 na kitu. Angalieni boti yoyote iliyokaa majini, kwenye mstari wa maji kuna ukoko mweupe mgumu, kucha haiutoi. Kitu kinachoacha ukoko vile kwenye plastiki kitashindwaje kuila jelikoti?

Fundi Msasa #11
Profesa, ukoko upo, hiyo ni chokaa. Unatoka kwa siki au ndimu, upake, uache dakika chache, usugue kwa brashi ya plastiki, usuuze. Lakini unga wa mwenye uzi uko juu ya mstari wa maji. Magadi yamepanda kwa ngazi?

Profesa wa Mwalo #12
Kusi likivuma wewe huwa unakaa wapi? Boti inaloa hadi kwenye kofia ya nahodha. Kila tone likikauka linaacha chumvi yake.

Mnyamwezi wa Nta #13
Habari za jioni kutoka Tabora. Mnahangaika na nta za dukani na sisi tunayo nta ya nyuki hapa, safi, ya miombo. Yeyusha, changanya na tapentaini, paka, sugua na kitambaa cha sufu. Babu yangu alipaka milango, haijapauka mpaka leo.

Karabai Bovu #14
Tabora na boti wapi na wapi? Mnaiendesha bwawa la Igombe?

Mnyamwezi wa Nta #15
Ndiyo, na hatuchafui kanzu za wazee.

Fundi Msasa #16
Hahaha. Mkuu wa Tabora nta yako siikatai kwa milango. Shida ni kwamba ya nyuki inalainika mapema, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Ubavu wa bluu saa nane mchana kiganja hakikai. Nta inakuwa laini, vumbi la barabara ya mwaloni linanasa, unapata boti yenye manyoya. Nta ya kanauba inayeyuka kwenye 80 na kitu, ndiyo maana watu wa boti na magari wanaitumia. Hata hiyo usitegemee mwaka mzima, hapa kwetu miezi mitatu minne unapaka tena. Na nta peke yake haizuii jua kwa kiasi watu wanachodhani. Inazuia uchafu usishike, inakuokoa na kusugua.

Mama Migebuka #17
Umeona? Kusugua.

Shombo la Ujiji #18
Kwa nini msitumie mawese? Yapo kila nyumba. Mjerumani mwenyewe alipoizamisha meli ya Liemba mwaka 1918 aliipaka grisi yote, ikakaa chini ya maji ikatoka nzima. Mafuta ni mafuta.

Babu Reli #19
Rekebisha kijana. Ilizamishwa Julai 1916, karibu na mdomo wa Malagarasi, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Na grisi walipaka injini, si ubavu. Tena ile ni chuma. Faiba haishiki kutu, unaipaka mafuta ya nini?

Shombo la Ujiji #20
Babu shikamoo. Basi injini ya huyu ndugu ipakwe mawese.

Fundi Msasa #21
Mawese kwenye faiba yananasa vumbi, yanageuka gundi ya rangi ya chungwa, na siku ukitaka kupaka rangi haishiki. Polishi zenye silikoni ni hivyohivyo, rangi inajikunyata inafanya vishimo vidogo, tunaita macho ya samaki. Hata boti mpya ina nta ya moldi mgongoni. Kwanza ufute kwa thina, vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kimoja kikavu cha kubeba uchafu, ndipo msasa. Ukianza na msasa unaichimbia nta ndani.

Bunduki ya Rangi #22
Nimesoma uzi wote nacheka. Mimi napaka magari Mwanga hapa Kigoma, na boti nimepaka. Mnabishana kuhusu jelikoti, nani amewaambia hiyo bluu ni jelikoti? Boti ya mkononi, ilinunuliwa inang'aa kama kioo. Mtu anayeuza boti anafanyaje kabla ya kuuza?

Chukua kitambaa cheupe, lowesha thina kali, sugua pahali pa kificho sekunde thelathini. Ikiyeyuka na kunata, hiyo ni rangi ya mafuta ya kopo, ile ya milango na mageti. Jelikoti na rangi ya magari ya kuchanganya hadina, yaani dawa ya kukaushia, haziyeyuki kirahisi hivyo.

Mwana wa Kibirizi #23
Nimejaribu asubuhi hii. Kitambaa kimekuwa bluu chote.

Bunduki ya Rangi #24
Nilisema.

Fundi Msasa #25
Taratibu. Boti inatoa unga hata kwa kiganja kikavu, kitambaa kitakosaje kuwa bluu? Ioshe kwanza, pita na msasa 800 pahali padogo upate ngozi mbichi, ndipo uweke thina.

Mwana wa Kibirizi #26
Nimefanya nyuma chini ya mashine, ukubwa wa sarafu. Nikaendelea na msasa makusudi. Imetoka bluu, chini yake kijivu, chini yake tena nyeupe ngumu inayoteleza. Pale kwenye bluu mbichi thina imenata kidogo, kama peremende iliyolambwa.

Bunduki ya Rangi #27
Bluu ni rangi ya kopo. Kijivu ni praima, rangi ya kutangulizia. Nyeupe ndiyo jelikoti ya kiwandani. Ndugu, uliuziwa boti nyeupe iliyovalishwa. Hapo polishi haina kazi, utapolishi rangi ya geti. Kwangua yote.

Halafu praima ya epoksi, halafu rangi ya kuchanganya hadina, koti mbili tatu nyembamba. Paka asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo wa ziwa haujaamka, la sivyo utapaka mbu na vumbi. Hiyo rangi ina isosayaneti, inaua mapafu. Kitambaa cha puani hakitoshi, tafuta barakoa yenye kichujio cha mvuke. Nina mwenzangu alidharau, sasa akinusa tu kopo limefunguliwa kifua kinabana.

Fundi Msasa #28
Mimi nabaki palepale. Ukikwangua ukaikuta jelikoti nyeupe ni nzima, umepata bahati, ing'arishe uiache nyeupe. Ya nini kumvalisha tena mtu aliyevuliwa? Usitumie dawa ya kuvulia rangi, ile kali inayobabua hula na jelikoti. Kikwangua na msasa 120, polepole, na ufunike ngozi, vumbi la faiba litakuwasha wiki nzima.

Jelikoti mpya kumwaga juu ndiyo kazi ya wenye pesa. Haishiki juu ya rangi ya kopo hata siku moja. Na ikipigwa na hewa juu inabaki inanata, lazima koti la mwisho liwe na nta ya parafini ndani. Ikikauka ina vipele kama ganda la chungwa, unaanza msasa upya kutoka mwanzo. Hadina yake asilimia 1 hadi 2 ya uzito, si kumimina kwa jicho, na ikikuingia machoni unaweza kupofuka.

Fundi wa Katonga #29
Hapo kwenye hadina ndipo penye siri ya boti nyingi za hapa. Fundi ana haraka, anaizidisha ikauke kabla ya mvua. Au ameiweka kidogo kwa kuogopa joto. Zote mbili ngozi haiivi vizuri, na isiyoiva inapauka mapema. Hata huyo muuzaji huenda alipaka rangi kwa sababu jelikoti ilishamshinda. Kwa hiyo Fundi Msasa usimpe moyo sana.

Mwana wa Kibirizi #30
Wakuu kuna jingine. Nimeivuta juu Jumapili. Chini ya mstari wa maji kuna malengelenge, mengine kama punje ya dagaa mkavu, mengine kama kifungo cha shati. Huwa inalala majini wiki nzima, inavutwa juu Jumapili tu.

Karabai Bovu #31
Hilo si jua, nakiri.

Profesa wa Mwalo #32
Magadi!

Babu Reli #33
Si magadi, Profesa. Watu wanadhani maji baridi ni mpole kuliko bahari. Kwa malengelenge ni kinyume. Maji yanapenya jelikoti kidogokidogo, yanakutana na vitu vya rezini vilivyobaki ndani, yanatengeneza majimaji mazito, na majimaji hayo yanavuta maji mengine. Maji yakiwa hayana chumvi yanavutwa zaidi. Yakiwa ya uvuguvugu kama yetu, zaidi tena. Boti inayolala mchangani kila siku haipati haya kirahisi.

Bunduki ya Rangi #34
Au ni rangi tu imeinuka. Rangi ya kopo haikutengenezwa kulala majini, hata ya magari vilevile, ndiyo maana mimi huishia juu ya mstari wa maji. Chini ni epoksi. Toboa moja kwa msumari uone. Kijivu kikibaki chini ni rangi. Nyuzi zikionekana, mwite Babu.

Mama Migebuka #35
Vaa miwani ukitoboa, huwa linaruka.

Mwana wa Kibirizi #36
Nimetoboa manne. Matatu chini yake nyeupe nzima kabisa. Moja limetoa maji yenye utelezi na harufu ya siki. Mdogo wangu amenusa anasema ni harufu ya dagaa, lakini yeye kila kitu kwake ni dagaa.

Babu Reli #37
Siki ndiyo yenyewe. Basi una yote mawili. Hilo moja lichimbe hadi penye nyuzi nzima, lioshe kwa maji mengi, liache likauke wiki kadhaa si siku mbili, kisha ujaze pati ya epoksi na epoksi juu yake. Na usije ukapaka zile rangi za sumu za kuzuia majani ya baharini. Hapa hakuna kome wa kung'ang'ania mkukuni, ni utelezi tu unaotoka kwa brashi, na maji haya watu wanachota wanakunywa.

Shombo la Ujiji #38
Yule mzee wa kanzu vipi?

Mwana wa Kibirizi #39
Nilimpelekea kanzu mpya. Ameipokea, akaniuliza ya zamani nitaifua lini.

Mwana wa Kibirizi #40
Narudi baada ya wiki tano. Malengelenge yametibiwa, chini yote epoksi. Juu nimeshindwa kuchagua kati ya Fundi Msasa na Bunduki, nikaamua boti ihukumu. Ubavu wa kushoto nimekwangua hadi jelikoti nyeupe, msasa, kampaundi, nta ya kanauba. Ubavu wa kulia praima ya epoksi na rangi ya kuchanganya, nyeupe pia. Tutaonana mwakani nilete picha.

Karabai Bovu #41
Boti moja wake wenza wawili. Naweka kilo ya migebuka mikavu kwa upande wa rangi.

Bunduki ya Rangi #42
Weka mbili.

Babu Reli #43
Swali dogo kabla hamjawekeana migebuka. Ikilala majini Kibirizi, omo, yaani mbele ya boti, inatazama wapi?

Mwana wa Kibirizi #44
Nchi kavu, Babu. Kamba inafungwa kwenye mti.

Babu Reli #45
Basi ubavu wa kushoto unatazama kaskazini. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hapa kwetu linapita kaskazini, na kiangazi chote kimo humo, hakuna wingu. Desemba linahamia kusini lakini ndiyo mvua, limejifunika. Ulisema mzee wa kanzu alishukia ubavu gani?

Mwana wa Kibirizi #46
Kushoto.

Karabai Bovu #47
Someni namba 2.

Mama Migebuka #48
Nami niulize. Vijana wako wakiosha ikiwa pale pale imefungwa, wanasimama upande gani?

Mwana wa Kibirizi #49
Kushoto, Mama. Kulia kuna kina, maji yanawafika kifuani.